Rezo ya Mama Keren

Mtu yeyote mwenye ndugu Ulaya analijua neno rezo. Sisi watu wa Bukavu ndivyo tunavyouita mtandao, na ndilo neno tunalolitumia kufungia mazungumzo tusiyoyataka. Ndugu wa nyumbani akianza tu kueleza shida yake, sauti ya huku inaanza kukatika. "Alo? Alo? Rezo ni mubaya!" Kisha simu inazimwa kwa kidole, rezo yenyewe ikiwa nzima kabisa. Nawajua wachungaji wanaofanya hivyo, na Jumapili wanahubiri juu ya ukweli bila kupepesa macho.

Shemeji yangu Laurette hakuwa mmoja wao. Ni mjane wa kaka yangu, na watu wa kanisa letu wanamwita Mama Keren kwa jina la binti yake. Kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Akiwa hana kitu atakwambia sina, na akiwa hataki atakwambia sitaki, huku anakutazama usoni, na utaondoka bila kinyongo. Mimi naitwa Fortunat, ni dereva wa basi, na Jumamosi nisipokuwa kazini nakula kwake Tottenham. Sombe yake, yaani kisamvu cha kwetu, haina mpinzani kaskazini ya mto unaogawa jiji hili wala kusini, na watu wa Peckham wanaobisha waje waonje.

Ukiingia sebuleni kwake, ghorofa ya sita, kitu cha kwanza kukusalimia ni kabati la vioo. Nyuma lina kioo cha kujitazamia, mbele lina milango miwili yenye kufuli, na ndani kumepangwa mali yote ya heshima: masinia ya kung'aa ya harusi yake, hotipoti za chuma, birika, na glasi ambazo sijawahi kumwona mtu akinywea. Ufunguo anautundika shingoni pamoja na msalaba wake. Fundi wa kampuni ya intaneti alipoleta ruta, kile kimashine chenye vitaa kinachogawa Wi-Fi nyumba nzima, alikiacha sakafuni karibu na dirisha. Kabla fundi hajafika kwenye lifti, Laurette alishakiinua.

"Kintu yenye inaniletea mama yangu, itakaa chini sawa kiatu?" alisema.

Akaiweka ruta kabatini katikati ya hotipoti, waya wake ukapita kwenye tundu la nyuma, akafunga na kufuli. Nilimsifu. Mashine inayokuonyesha uso wa mama yako ina haki ya kukaa na vyombo vya harusi.

Baada ya Pasaka, dada mmoja wa kanisani alirudi kutoka Bukavu na zawadi ya Laurette. Kilikuwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, cheupe, kizito, chenye ua kubwa katikati, na aliyekifuma ni mama yake Laurette mwenyewe, Mama Nsimire. Mama huyo anafuma tangu usichana. Nyumbani kwake redio imevaa kitambaa, televisheni imevaa kitambaa, na jokofu linavaa chake hata majuma ambayo umeme haujulikani uliko. Ujumbe aliotuma nacho ulikuwa mfupi: kiwekwe juu ya kitu cha maana kuliko vyote nyumbani mwako. Laurette hakuhitaji kufikiri. Alikikunja, akakiweka vizuri ua likiwa juu, na ruta ikavaa.

Kiangazi kilipoingia, Jumamosi zetu zikaharibika.

Desturi ilikuwa hii. Mama Nsimire anakwenda kwa mdogo wake mwenye simu nzuri, anaketi, na Laurette anampigia kwa video akiwa kwenye kochi lake, baada ya kuosha uso na kuvaa hereni. Wanaongea mpaka mama achoke. Sasa picha ikaanza kusuasua. Mara uso wa Laurette ulimfikia mama yake ukiwa vipande, mara ukaganda mdomo wazi, mara sauti ikafika picha ikiwa bado njiani. Kwanza mama alisubiri kwa subira. Baadaye akaanza kuuliza maswali.

"Laurette, juu ya nini hutaki nikuone?"

"Mama, ni rezo."

Lilipomtoka neno hilo niliona mabega yake yakishuka. Alilijua jinsi linavyosikika upande wa pili. Mama yake akasema polepole, "Na weye? Na weye umejifunza rezo?"

Jumamosi iliyofuata Laurette alijaribu ujanja mwingine. Kuta za jengo lake ni nene; simu ya kawaida inapita, lakini intaneti ya simu ikifika mle ndani ni kama imefika msibani, haisemi kitu. Basi akashuka uwanjani, nami nyuma yake, akapiga kwa bando la simu yake akiwa amesimama kwenye upepo. Picha ilikuwa safi. Lakini mama alichoona nyuma ya binti yake ni mapipa ya taka na miti inayotikisika.

"Nyumba yako iko wapi? Bamekufukuza mu nyumba?"

"Hapana, mama, niko tu inje juu ya..."

"Usiseme."

Mama Nsimire akamalizia mwenyewe, na mpaka leo naweza kuyarudia maneno yake. "Ukiwa mugonjwa, sema. Ukiwa na haya ya kintu, sema. Lakini usiniletee rezo. Siku utakuwa tayari kunionyesha uso yako mu nyumba yako, njo utaniita." Kisha simu ikakatika, na safari hii kilikuwa kidole kweli.

Laurette alipanda juu, akakoroga sombe, na akalia akiwa na mwiko mkononi. Kwenye mazishi ya kaka yangu alihudumia wageni mpaka mwisho jicho kavu. Kuitwa mwongo na mama yake ndiko kulikomvunja, na mimi nilipomwona vile moyo uliniuma, na mimi moyo ukiniuma hugeuka hasira.

Nikaipigia kampuni. Niliwaambia ni wezi wa mchana. Mama aliyepokea alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, halafu akaomba tuzime ruta, tusubiri, tuiwashe tena. Tukazima umeme wake ukutani, tukawasha. Video tuliyoifungua kwa kujaribu ikaenda vizuri, nikaanza kumshukuru, na kabla sijamaliza shukrani ikaanza kusuasua upya. Yule mama akapima laini yetu kutoka kwake akasema ni safi. Akaomba tuunganishe kompyuta na ruta kwa kebo, bila Wi-Fi, ili tujue ugonjwa uko upande gani.

Keren alilala nyuma ya kabati, akapenyeza kebo kwenye tundu, akapapasa mpaka ikaingia. Video ikatiririka kama maji ya bomba. Alipoichomoa kebo na kurudi kwenye Wi-Fi, ikaganda.

Keren anasikia Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza. "It's not them, Uncle," akaniambia. "It's us." Sikupenda alivyosema kwamba tatizo ni sisi, si kampuni, ingawa ndivyo ilivyokuwa. Intaneti ilikuwa inafika mpaka kwenye kabati ikiwa na nguvu zake zote, na ilikuwa inapotea kati ya kabati na kochi, hatua chache tu.

Yule mama wa kampuni akauliza swali la mwisho: je, ruta iko mahali pa wazi? Laurette alininyang'anya simu na kumjibu kwa Kiingereza chake cha kazini, kwa uhakika wote, kwamba ruta iko sebuleni, mahali pa heshima kuliko pote. Yule mama akashukuru, akaandika alichoandika, tukaagana. Hakuna aliyemdanganya mwenzake hapo. Nilitaka tuvunje mkataba siku hiyohiyo. Laurette akakataa.

"Shemeji, mugonjwa hatujamujua bado, na weye unatafuta munganga mwingine."

Jibu lilikuja kutoka Queensbury. Huko Laurette anamhudumia bibi mmoja wa Kihindi aitwaye Sudha, mzaliwa wa Kisumu, ambaye alipogundua kwamba mfanyakazi wake anasema Kiswahili alikataa kuletewa mtu mwingine. Kiswahili chao hakifanani, lakini wanasengenya vizuri. Siku hiyo Laurette alikuwa anamsuka nywele huku Sudha anaongea kwa video na dada yake aliyebaki Kisumu. Picha ilikuwa safi mpaka jasho la dada lilionekana. Laurette akatafuta kwa macho mashine inayofanya kazi nzuri namna hiyo, akaiona juu ukutani kwenye korido, imepigiliwa kwa misumari, tupu, na vumbi juu yake.

Mazungumzo ya Kisumu yalipokwisha akauliza, "Mama, hii mashine juu ya nini iko uchi?"

Sudha alicheka mpaka akakohoa. "Uchi ndiyo inafanya kazi! Mzee wangu aliifungia kwa kabati ya mita ya umeme, ati isionekane. Mimi nikawa naongea na dada nikiwa nimesimama kwa korido kama askari. Siku moja nikaitoa mwenyewe. Hii kitu inataka ikuone, na wewe uione. Mficha uchi hazai, ama?"

Laurette akanyanyua mkono akaigusa ruta ya Sudha kwa mgongo wa kiganja, vile anavyowagusa wazee wake kabla ya kuchukua kipimajoto. Ilikuwa vuguvugu tu. Njia nzima ya kurudi, treni ya Jubilee mpaka Green Park na ya Victoria mpaka Seven Sisters, aliniambia baadaye, alikuwa anauangalia ule mkono wake.

Mimi nilikuwa kwake jioni hiyo kurudisha bakuli. Aliingia bila kunisalimia, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaivua cheni shingoni, akafungua kabati na koti likiwa bado mwilini. Akaingiza mkono chini ya kitambaa. Akautoa haraka.

"Shemeji, huyu ana homa. Gusa."

Nikagusa. Ruta ilikuwa ya moto, na kitambaa kilikuwa cha moto kama nguo iliyotoka kwenye pasi sasa hivi. "Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema. Akaniambia ninyamaze.

Hakukiondoa palepale. Alisimama amekishika ncha, nami nikaona kinachomzuia, kwa kuwa nilikuwepo. Jumamosi zote zile, hata picha ilipokuwa vipande, mama yake hakukosa kuuliza kama kitambaa kimekaa vizuri, na yeye hakukosa kujibu kwamba kimekaa mahali pa mbele. Kukiondoa ni kumvua mama yake heshima. Kukiacha ni kubaki mwongo machoni pake. Na kukiondoa halafu aseme kipo, hilo Laurette haliwezi.

"Ondoa tu," nikamwambia. "Nani atamwambia?"

"Mi njo nitamwambia."

Akakivua. Akakikunja, akakiweka kifuani kwa muda, kisha akavua koti akaanza kazi. Nilitaka tuhamishe kila kitu kwa mkupuo mmoja, akanizuia. Mgonjwa hapewi dawa mbili kwa pamoja, alisema, maana akipona hutajua ni ipi iliyomponya. Basi tukaiacha ruta ipoe, tukaiwasha ikiwa kabatini bila kitambaa. Video ilidumu zaidi, lakini kwenye kochi bado ilisuasua. Akafungua milango ya kabati kabisa. Nafuu. Halafu akaitoa nje, akaipandisha juu ya kabati, peke yake, haina cha kuizuia pande zote, na mimi nikatembea na simu kutoka jikoni mpaka bafuni nikipiga kelele kila mahali, "Hapa iko! Hapa pia iko!" mpaka jirani akagonga ukuta.

Keren alitoka chumbani kuona kelele ni za nini. Alipokiona kitambaa mkononi mwa mama yake na ruta juu ya kabati, akaelewa yote, na kwa bahati yake hakucheka. Alitueleza kwamba Wi-Fi haipendi vyuma na vioo vya kujitazamia, kwamba masinia na kile kioo cha nyuma vilikuwa vinairudisha ndani, na joto nalo lilikuwa linaichosha mashine. Kisha akashika simu yake, akaingia kwenye mipangilio ya ruta, akatuonyesha kwamba ruta za jengo zima zilikuwa zimebanana kwenye njia moja ya mawimbi, yetu na za majirani. Akaihamishia yetu kwenye njia iliyo tupu.

Mimi nilishamaliza, nilitaka tupige simu Bukavu palepale. Laurette akasema mgonjwa haruhusiwi kutoka hospitali siku homa inaposhuka. Akaiacha ruta pale juu, kila asubuhi kabla ya kazi na kila jioni baada ya kazi akaigusa kwa mgongo wa kiganja. Ilipofika Ijumaa akachukua simu akarekodi ujumbe wa sauti wa kupelekwa kwenye simu ya mdogo wa mama yake, mbele yangu.

"Mama, niko tayari. Kuja kesho. Kama hautaniona muzuri kutoka mwanzo mpaka mwisho, usikuje tena, na mi sitasema neno."

Nikamwambia hayo si maneno ya kumwambia mzazi. Na kama ingeganda je? Angekuwa amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. "Haitaganda," akasema, na akaenda kuloweka maharage.

Jumamosi hiyo nyumba ilikuwa na sheria. Keren alikatazwa filamu zake. Yeye naye akapiga marufuku maikrowevu, kwa madai kwamba inagombana na Wi-Fi, kwa hiyo sombe ililiwa baridi na sikulalamika. Nikasimama karibu na kabati kama mlinzi wa benki. Laurette akaosha uso, akavaa hereni, akaketi kwenye kochi na kitambaa kimekunjwa magotini, mahali ambapo kamera haikioni.

Simu ikaita. Ikaita tena. Kisha Mama Nsimire akatokea, mzima, kilemba chake cha kijani, pengo lake la jino, na mikunjo yote ya uso ikihesabika. Hakusalimu.

"Sogea."

Laurette akasogea.

"Geuka. Huku. Na huku. Fungua kinywa."

Laurette, mwanamke wa miaka hamsini na kitu anayeheshimiwa na kanisa zima, akafungua kinywa. Mama yake akakagua bila haraka.

"Umezeeka."

"Ndiyo, mama."

"Lakini hauko mugonjwa."

"Siko mugonjwa."

"Basi ilikuwa kweli rezo."

"Ilikuwa kweli, mama."

Nikapumua. Nilidhani tumemaliza. Mama Nsimire akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akakaa sawa, na akauliza lile ambalo sote tulijua atauliza. "Na kitambala yangu? Leo minaona muzuri. Nionyeshe pahali inakaa."

Laurette akakiinua kutoka magotini. Akamweleza kila kitu, bila kuruka: kabati, kufuli, hotipoti, jinsi alivyoiweka ruta pamoja na vyombo vya harusi, na jinsi alivyoivisha. Kisha akamalizia: "Ulisema niiweke juu ya kintu ya maana kuliko zote. Ya maana kuliko zote ni ile inaniletea weye. Nikaiweka pale. Na pale njo ilikuwa inatuzuia kuonana. Nimeivua, mama. Unisamehe."

Picha ikasimama.

Mama Nsimire alikuwa ameinua mkono kuelekea shavuni, na mkono ukabaki hewani. Macho hayakupepesa. Sauti hakuna. Nikageuka kuangalia ruta, vitaa vyake vyote vilikuwa vinawaka. Keren akanong'ona, "Frozen?" Laurette aliuma midomo, maana lilikuwepo neno moja tu la kusema na alikuwa ameapa kutolisema. Nami moyoni nilishaanza kuitukana kampuni upya.

Ndipo kuku akapita mlangoni nyuma ya Mama Nsimire, taratibu, akadonoa kitu, akaendelea na safari yake.

Haikuwa imeganda. Alikuwa ni mama tu, amenyamaza.

Mkono ukafika shavuni. "Kumbe ni mi," akasema. "Mi njo nilikuwa nakufunika uso."

"Hapana, mama..."

"Nyamaza. Ivae."

Laurette hakuelewa.

"Ivae ku kichwa. Mashine iache iwe uchi."

Akakikunjua. Akajifunga kichwani, ua likakaa juu ya paji la uso, na hereni zikatokeza pembeni. Mama yake akausogelea uso wa simu mpaka kwetu kikabaki kilemba chake cha kijani na macho tu.

"Sasa usiende," akasema. "Niache niangalie uso na kitambala. Zote mbili ni kazi yangu."